Tangi la samaki linapovuja: uzibe upya au ununue jingine?

Swali la kutengeneza au kubadilisha halijibiki tangi likiwa limejaa na dimbwi liko sakafuni. Jibu lake hutegemea maji yanapita wapi. Yakipita kwenye silikoni ya ndani ya pembe, ile gundi inayofanana na mpira inayoshikilia na kuziba vioo, tangi linatengenezeka na linaweza kuhudumu miaka mingine mingi. Yakipita kwenye kioo chenyewe, au katikati ya vioo viwili vilivyoanza kuachana, mara nyingi ni heri kununua jingine. Na mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maji hayatoki kwenye tangi kabisa.

Saa ya kwanza

Anza na umeme, ndoo baadaye. Zima soketi za hita, filta, taa na pampu ya hewa, kisha chomoa plagi zote ukiwa na mikono mikavu. Ikiwa soketi imeshalowa, usiiguse. Zima kwenye swichi kuu ya nyumba. Hita ibaki ndani ya maji kwa dakika 15 hadi 30 baada ya kuzimwa, maana ikiachwa nje ya maji ingali ya moto hupasuka.

Halafu angalia kasi. Matone ya hapa na pale yanakupa nafasi ya kuchunguza kwa utulivu. Mchirizi usiokatika unadai maji yashushwe sasa hivi. Tumia mpira na uyatoe hadi nusu ya kimo. Hapo hupunguzi uzito tu: msukumo wa maji kwenye kioo hufuata mraba wa kimo cha maji, hivyo kimo kikishuka hadi nusu, msukumo hubaki robo. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 50. Likijaa, kioo chake cha mbele husukumwa kwa nguvu ya takriban kilo 125. Maji yakiwa nusu, nguvu hiyo hushuka hadi kilo 31 hivi.

Samaki wahamishie kwenye beseni au pipa la plastiki ambalo halijawahi kuguswa na sabuni, ukitumia maji ya tangi lao. Weka hewa, weka hita kama ni samaki wa maji ya joto, na funika juu, kwa sababu samaki aliyeshtuka huruka. Sifongo na vipande vya kauri vya filta navyo vikae kwenye maji hayo hayo yenye hewa. Bakteria wanaoondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, huishi humo, na hufa wakikauka au wakikaa saa nyingi ndani ya filta iliyofungwa bila maji kuzunguka. Usivioshe kwa maji ya bomba yenye klorini.

Ukichagua kuziba upya, kazi nzima kuanzia kukwangua hadi jaribio la mwisho itachukua siku kumi hivi, na zaidi kidogo kwa tangi kubwa. Kwa muda wote huo chombo cha muda kinahitaji filta inayofanya kazi, chakula kidogo sana, na kubadilishwa robo ya maji kila siku au kila siku mbili, maji mapya yakiwa yameondolewa klorini na yana joto lile lile. Kama huna chombo cha kuwatosha samaki wako kwa muda huo, liweke hilo kwenye hesabu tangu sasa. Wapo watu wanaonunua tangi jipya kwa sababu hiyo tu, na hawajakosea.

Kwa dharura kuna gundi ya epoksi ya kukanda, ile inayoganda hata ndani ya maji. Ikikandamizwa kwa ndani juu ya sehemu inayovuja, huweza kuzuia tone kwa siku moja au mbili. Kupaka silikoni kwa nje hakusaidii, ingawa ndicho kitu cha kwanza ambacho karibu kila mtu hujaribu. Silikoni haishiki kioo kilicholowa, na hata ikishika, maji yanaisukuma itoke badala ya kuigandamiza.

Hakikisha ni tangi

Wanaolisingizia tangi ni wengi. Anayeongoza ni filta ya nje: ringi yake ya mpira huingiwa na chembe ya mchanga au hukauka, kisha tone linateremka juu ya mpira wa maji na kudondokea kona ya meza, mbali kabisa na lilikotoka. Waya wa hita hufanya vivyo hivyo ukitoka ndani ya tangi ukiwa umelowa. Mapovu ya hewa yakipasukia karibu na ukingo hurusha matone ambayo usiku mmoja yanalowesha kitambaa kizima. Jani la mmea lililoning'inia nje ya ukingo hunyonya maji polepole hadi sakafuni. Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji bila valvu ya kuzuia maji kurudi inaweza kumwaga maji umeme ukikatika. Na kioo chenye maji ya baridi ndani ya chumba chenye joto hutoa jasho. Jasho hilo halitoki ndani, na ukiona uso wote wa kioo umelowa sawasawa, huo ni umande.

Maji yakipungua lakini meza, ukuta wa nyuma na sakafu ni vikavu, ni mvuke tu, hasa tangi likiwa halina kifuniko.

Jaribio la kutenganisha haya ni rahisi, ila linahitaji uvumilivu wa usiku mmoja. Ondoa filta ya nje na mipira yake yote. Kausha tangi kwa nje, meza na sakafu. Panga karatasi za tishu kuzunguka kitako chote cha tangi, na nyingine uzibandike kwa tepu kwenye kila pembe ya wima. Vifaa vyote viwe vimezimwa. Asubuhi tishu ikiwa imelowa, tangi linavuja. Ikiwa kavu, rudisha kifaa kimoja kimoja na tishu mpya chini yake hadi mkosaji ajulikane.

Kuitafuta njia ya maji

Mahali tone linapoangukia si mahali linapotokea. Kwenye matangi yenye fremu ya plastiki, maji huingia ndani ya fremu ya chini, huizunguka, na kutokea kwenye kona iliyo chini zaidi. Ukiziba kona hiyo umeziba mlango usiohusika.

Njia inayofanya kazi vizuri ni kuyaacha maji yajieleze. Samaki wakiwa wametolewa na kila kitu kimezimwa, bandika kipande cha tepu kwenye usawa wa maji na uandike saa. Rudia kila baada ya saa kadhaa. Maji yakisimama kwenye kimo fulani, tuseme sentimita 18 kutoka chini, tundu liko kwenye kimo hicho, kwa hiyo unazo pembe nne tu za wima za kukagua pale. Yakiendelea kushuka hadi chini, tatizo liko kwenye kiungo cha kitako au kioo cha chini.

Kwa uvujaji wa chini, toa kila kitu: maji, mawe, changarawe, mimea. Usijaribu kamwe kuinua au kusogeza tangi lenye maji, hata robo tu. Lita moja ni kilo moja, na tangi la vipimo vile tulivyotaja hubeba lita 200. Likiwa tupu na kavu, liweke juu ya ubao ulionyooka uliotandikwa karatasi nyeupe, mimina maji ya kina cha sentimita 2 au 3 yaliyotiwa rangi ya chakula, na usubiri. Rangi huonyesha pale yanapopenya.

Sasa chukua tochi na uangalie vitu vitatu, kila kimoja peke yake.

Cha kwanza ni silikoni ya kuzibia. Huu ni mstari wa pembetatu unaouhisi ukipitisha mkono ndani ya pembe. Kazi yake ni kuzuia maji, na hushikilia kidogo tu. Ikichoka hugeuka nyeupe au njano, ukingo wake huinuka ukiukwaruza kwa ukucha, na mwani wa kijani huonekana *nyuma* yake, yaani kati yake na kioo. Mwani huo ni ushahidi mzuri, kwa sababu palipofika mwani maji yalitangulia. Alama za wembe au meno ya samaki nazo hutosha kuitoboa.

Cha pili ni silikoni ya kushikilia: tabaka jembamba, kawaida la milimita 1 hadi 3, lililo kati ya kioo na kioo. Hili ndilo linalobeba tangi. Litazame kwa nje kupitia unene wa kioo. Povu moja moja la hewa lililofungiwa katikati si tatizo, limekuwapo tangu kiwandani. Tatizo ni mapovu yaliyoungana kuwa mfereji kutoka ndani hadi nje, au madoa ya kung'aa yanayoanzia ukingoni na kusonga kuelekea ndani. Hayo ni maeneo ambayo silikoni imeachia kioo. Sukuma kioo cha mbele polepole kwa kiganja, tangi likiwa tupu. Kisitikisike hata kidogo.

Cha tatu ni kioo chenyewe. Pitisha tochi kwa mshazari kando ya kila ukingo. Ufa hung'aa kama uzi wa fedha. Mkwaruzo hukwama kwenye ukucha upande mmoja tu, lakini ufa unaopenya huonekana pande zote mbili.

Hukumu

Silikoni ya kuzibia imechoka, vioo ni vizima, tabaka la kushikilia ni zima: ziba upya. Hakuna sababu ya kulitupa tangi hilo, isipokuwa ni dogo kiasi kwamba jipya lina bei ndogo kuliko silikoni, nyembe na wiki yako. Kwa kawaida tunachora mstari hivi: tangi la chini ya lita 60, badilisha, labda liwe na umbo lisilopatikana tena, la zaidi ya lita 200 lenye vioo vizima, ziba upya. Katikati hapo uamuzi ni wa mfuko na subira.

Tabaka la kushikilia limeachia: badilisha. Kinadharia tangi linaweza kubomolewa kioo kwa kioo, likasafishwa na kuunganishwa upya, na mafundi wa vioo hufanya hivyo. Lakini kazi hiyo inataka vibano, pembe mraba kamili na mtu aliyewahi kuifanya. Kukwangua mstari wa ndani na kuweka mpya juu ya kiungo kilichoachia ni kujidanganya. Maji hayatapita kwa muda, lakini kinachozuia kioo kisifunguke ni ule mstari wa ndani ambao haukuundwa kubeba mzigo.

Ufa kwenye kioo cha chini: badilisha, bila mjadala. Kioo hicho hubeba uzito wa maji yote pamoja na mawe. Ufa kwenye kioo cha pembeni: ama kioo hicho kibadilishwe chote, ama tangi. Silikoni juu ya ufa haizuii ufa kuendelea. Kila badiliko la joto na kila maji yanapoongezwa huusogeza mbele kidogo. Kuna wanaobandika kipande cha kioo kwa ndani kufunika ufa mzima na kuupita kwa sentimita kadhaa kila upande. Kwa tangi dogo lililo juu ya sakafu ya vigae hilo linavumilika. Sebuleni juu ya soketi, hapana. Kijidonda cha ukingo wa juu kisichofika kwenye kiungo ni cha kusuguliwa tu kwa msasa wa maji.

Kabla ya kumpelekea fundi kioo akate kipya au atoboe, jua kama ni kioo kilichokazwa kwa joto, ambacho hutumika sana kwenye vitako vya matangi ya kiwandani. Kioo cha aina hiyo hakikatwi wala hakitobolewi; hupasuka chote kuwa punje. Weka skrini nyeupe ya kompyuta nyuma yake na ukitazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi. Madoa au mistari ya giza na mwanga inayobadilika ukigeuza kichwa ni dalili ya kioo kilichokazwa.

Mengine kwa kifupi. Tangi la akriliki haliunganishwi kwa silikoni, kwa sababu haishiki vizuri kwenye akriliki; linataka gundi maalumu inayoyeyusha plastiki na kuiunganisha, na likijaa mikwaruzo midogo kama utando wa buibui karibu na viungo, limezeeka. Tangi lenye tundu la bomba linalovujia kwenye tundu hilo huenda linahitaji tu ringi mpya ya mpira, ikae upande wa ndani kwenye kichwa cha kiungo, na nati ikazwe kwa mkono na kuongezwa robo mzunguko. Kukaza kupita hapo ndiko kunakopasua kioo kuzunguka tundu. Fremu ya juu yenye mkono wa katikati uliokatika si pambo lililovunjika: mkono huo huzuia vioo virefu visitoke tumbo. Bila fremu mpya, tangi hilo usilijaze.

Mwisho wa hukumu ni meza. Weka pimamaji juu ya meza tupu, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari wa pembe hadi pembe. Meza iliyoinama upande mmoja ni tatizo dogo. Meza iliyojipinda, ambapo pembe moja iko juu au chini ya zile tatu, hulikamua tangi kama kitambaa na kuchana silikoni hata iwe mpya kiasi gani. Tangi lililovuja kwa sababu ya meza litafuatwa na jingine litakalovuja kwa sababu hiyo hiyo.

Kuziba upya, hatua kwa hatua

Silikoni mpya haishiki vizuri kwenye silikoni ya zamani iliyokwisha kukauka. Ndiyo sababu kuziba sentimita kumi tu panapovuja hakudumu: pale mstari mpya unapokutana na wa zamani ndipo maji yatakapopita tena. Kwangua mstari wote wa ndani, pembe zote, na uweke mpya wote kwa mkupuo mmoja.

Silikoni iwe asilimia 100, ya aina inayonuka siki ikikauka, bila dawa ya kuzuia kuvu. Zile za bafuni na jikoni nyingi zina dawa hiyo, na ni sumu kwa samaki. Iliyoandikwa kwamba ni ya matangi ya samaki ndiyo salama zaidi. Angalia tarehe, silikoni iliyopita muda hubaki kunata bila kukauka. Kamua tone juu ya kadibodi siku moja kabla, na kama kesho yake bado linanata, tupa bomba zima.

Kiasi kinahesabika. Mstari wa pembetatu wenye upana wa milimita 8 kila upande hula takriban mililita 32 kwa mita. Tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50 lina mita 2.8 za kitako na mita 2 za pembe za wima, jumla mita 4.8, yaani mililita 154 hivi. Bomba moja la mililita 300 linatosha na kubaki.

Mbali na hilo andaa nyembe kama kumi, kishikio cha wembe, tepu ya karatasi ya wachoraji, spiriti safi au asetoni, taulo za karatasi zisizotoa nyuzi, glavu, na kifaa cha kukamulia bomba.

1. Osha tangi kwa maji matupu na likauke kabisa. Siki huondoa chokaa iliyoganda, isuuze vizuri.

2. Kata mstari wa zamani kwa wembe uliolazwa karibu kugusa kioo, kwanza upande mmoja wa pembe, kisha wa pili, halafu uuvute utoke kama utepe. Usiingize wembe katikati ya vioo. Hapo utakata tabaka la kushikilia, na tangi lililokuwa zima litakuwa limeharibiwa na matengenezo.

3. Rudia kukwangua. Utando usioonekana ndio unaowashinda wengi. Nyunyiza maji kidogo: yakitandaa sawasawa kioo ni safi, yakijikusanya matone kwenye ukanda wa pembe bado kuna silikoni. Badilisha wembe mara tu unapoanza kuburuza.

4. Likiwa kavu, futa pembe zote kwa spiriti au asetoni, ukigeuza taulo upande safi kila mara, hadi itoke bila doa. Asetoni isiguse fremu ya plastiki wala akriliki. Kuanzia sasa usiguse pembe kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mshiko.

5. Bandika tepu pande zote mbili za kila pembe, milimita 8 kutoka kwenye kona. Tepu haifanyi silikoni ishike zaidi, inafanya tu mstari uwe safi. Anayesema haihitaji amewahi kuifanya kazi hii mara nyingi.

6. Kata mdomo wa bomba kwa mshazari, tundu liwe la milimita 6 hivi. Anza na pembe nne za wima, malizia na kitako, bila kupumzika. Mdomo ugusane na kona muda wote ili hewa isibaki nyuma ya silikoni. Ngozi ya juu huanza kushika baada ya dakika 5 hadi 10, na mistari inapokutana kwenye kona za chini lazima yote iwe bado mibichi. Tangi la zaidi ya mita moja lifanywe na watu wawili: mmoja anakamua, mwingine anafuata nyuma akilainisha.

7. Lainisha kwa kidole chenye glavu au mgongo wa kijiko cha plastiki, kwa mkono mmoja usiokatika, ukikandamiza vya kutosha silikoni iingie konani. Kurudiarudia huacha mawimbi. Maji ya sabuni yanayotumiwa na mafundi wa bafuni yaachie bafuni.

8. Vua tepu papo hapo, silikoni ikiwa mbichi, ukiivuta kuelekea nje ya pembe. Ukichelewa, tepu itanyanyua ukingo uliouweka.

9. Acha madirisha wazi. Harufu ya siki ni asidi ya asetiki inayotoka, inachoma macho na haifai kwa ndege au wanyama walio chumba hicho hicho.

Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kutoka nje kwenda ndani, takriban milimita 2 hadi 3 kwa siku katika joto la nyuzi 20 hadi 25. Hewa kavu au baridi huichelewesha, kwa hiyo feni ya joto haiharakishi kazi, inaikausha hewa ambayo silikoni inaihitaji. Saa 48 ni kiwango cha chini kwa tangi dogo. Tangi la kimo cha sentimita 40 na kuendelea lipe siku 7. Isikilize pua: tangi likinuka siki bado, bado.

Jaribio la maji

Lifanyie mahali ambapo maji yakimwagika hayaleti hasara, juu ya ubao ulionyooka, na tishu chini ya kila kiungo. Robo kwa saa chache. Nusu hadi kesho yake. Robo tatu. Kisha lijae na likae siku tatu. Katika kila hatua weka rula ndefu kwa mlalo kwenye kioo cha mbele na utazame nafasi katikati. Kioo kujikunja kidogo ni kawaida, lakini mkunjo unaoongezeka siku hadi siku wakati maji hayajaongezwa ni silikoni inayovutika, na hapo unatoa maji.

Tangi lenye fremu huwa na maji ya zamani yaliyonaswa ndani ya fremu ya chini, nayo hudondoka siku ya kwanza na kumtia mtu hofu bure. Libinue na likauke kabla ya kuanza jaribio.

Likivuja tena, sababu huwa mojawapo ya hizi: utando wa silikoni ya zamani uliobaki, pembe iliyoguswa kwa mkono, povu la hewa kwenye kona ya chini mistari mitatu inapokutana, au njia ya maji iliyokuwa kwenye tabaka la kushikilia tangu mwanzo. Tatu za kwanza zinastahili jaribio la pili. Ya nne inakurudisha dukani.

Likifaulu, mwaga maji ya jaribio, suuza, na urudishe changarawe kabla ya maji. Mawe makubwa yakae juu ya kioo au kipande cha sifongo, yasiwe juu ya changarawe ambayo samaki anaweza kuichimba mawe yakaanguka.

Ukinunua jingine

Pima unene wa kioo, kwani duka haliambii kila kitu. Kwa tangi la kimo cha sentimita 35 hadi 40 na urefu wa sentimita 60, milimita 6 ni kawaida. Kwa la mita moja lenye kimo cha 50, tafuta milimita 10, au 8 lenye mikono ya kioo ya kukaza juu. Kagua tabaka la kushikilia kwa tochi kama tulivyoeleza. Tangi lililotumika, hasa lililokaa kavu kwa miaka, lijaze kwa jaribio hilo hilo la siku tatu kabla ya kuleta samaki, hata muuzaji akiapa.

Tangi lisilo na fremu liwekewe mkeka mwembamba wa povu chini ili chembe ya mchanga isitengeneze ufa. Tangi lenye fremu ya chini lisiwekewe: fremu ndiyo inayobeba pembeni, na povu likisukuma kioo cha katikati juu linaongeza mzigo mahali pasipotarajiwa.

Hamisha filta ya zamani na vitu vyake vyote kwenye tangi jipya siku hiyo hiyo, vikiwa vimelowa, pamoja na changarawe ukiweza. Maji ya zamani yana bakteria wachache mno kiasi kwamba hayaharakishi chochote, lakini yanapunguza mshtuko kwa samaki. Pima amonia na naitraiti (sumu nyingine, inayotokana na amonia) kila siku kwa wiki mbili, na lisha kidogo mpaka zote zisome sifuri.

Tangi la zamani lenye ufa linaweza kuwa makao ya mimea au mijusi, ambako haliwekewi shinikizo la maji. Bandika karatasi iliyoandikwa kwamba linavuja, kwa kuwa matangi hupewa watu, na atakayelipokea atalijaza.